Mhubiri, Neno Lako Lisipotimia Utakuwa Wapi?

Wacha nianze na yangu, ndiyo usidhani nimekuja kurushia watumishi wa Mungu mawe.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, zamu ya mathe kwenye chama ilifika. Akapewa 30,000. Hiyo ilikuwa karo yangu, na mathe ni mama mboga, so unajua ni sukuma wiki ngapi ziko ndani ya hizo pesa. Wikendi hiyo kulikuwa na krusedi kwenye uwanja karibu na kwetu. Mhubiri mgeni, spika kubwa, suti kali. Akasema anaona mama ambaye mtoto wake amefungiwa mlango. Huyo mama apande mbegu, na kabla ya siku 40 mlango utafunguka. Mathe akajua ni yeye ameitwa. Akatuma 20,000 kwa M-Pesa akiwa amesimama palepale, machozi yanamtoka.

Siku 40 zikapita. Mlango uliofungwa ulikuwa wa chumba cha mtihani, maana bila karo huingii. Nikaambia chuo nitarudi semesta ijayo. Ikapita hiyo, ikapita nyingine, nikaacha kuhesabu.

Mathe alijaribu kumpigia yule mhubiri, si kudai pesa, alitaka tu kuuliza amekosea wapi. Nambari ile ile iliyopokea 20,000 bila shida haikushika simu yake hata siku moja.

Hapo ndipo swali langu liko. Kazi ya mhubiri ni gani hasa? Wengi tutasema ni kuhubiri. Sawa, lakini mahubiri ni ya saa moja au mbili. Neno likishatoka mdomoni linaenda nyumbani na watu, linalala nao, linaamka nao Jumatatu. Mimi naamini jukumu kubwa la mhubiri ni kuwa tayari kubeba gharama ya neno lake mwenyewe. Isiwe wewe unasema, halafu mwingine analipa.

Na hii si fikra yangu ya mtandaoni. Iko kwenye Biblia, tena kwenye hadithi ile ile wanayoitumia kutuomba pesa: mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17. Tunakumbushwa kila mara kwamba mama huyo alikuwa na konzi moja ya unga na bado akampikia nabii kwanza. Kweli. Lakini soma mpaka mwisho. Eliya aliomba kitu kidogo cha kula, kisha akakaa kwa huyo mama. Alikula kutoka chungu kile kile. Unga ungeisha, hata yeye angelala njaa. Na mtoto wa mama alipokufa, mama akamgeukia kwa uchungu, Eliya hakumwambia imani yako ni ndogo. Alimchukua mtoto mikononi, akapanda naye chumbani, akamlilia Mungu hadi mtoto akarudi kuwa hai. Yaani wakati neno lilionekana limeanguka, nabii alikuwa ndani ya nyumba.

Hapa Kenya pia tumekuwa na watu wa aina hiyo. Mwaka wa 1990, Askofu Alexander Muge wa Kianglikana, Eldoret, alikuwa anakemea serikali wakati ambapo wengi walinyamaza. Waziri mmoja, Peter Okondo, akamwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Muge akaenda Busia. Akiwa njiani kurudi, tarehe 14 Agosti, akafa kwenye ajali ya barabarani ambayo watu wanaiuliza maswali hadi leo. Ukubaliane naye au usikubaliane, gharama ya neno lake aliilipa mwenyewe.

Sasa weka hiyo kando ya Shakahola. 2023, kule Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, mingi ya watu waliofunga chakula wakiamini wanaenda kukutana na Yesu. Watoto walikuwemo. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa na akakana mashtaka, na hiyo ni kazi ya korti. Mimi naangalia kitu kimoja tu: mafundisho yaliwaacha watu wakiwa mifupa, lakini mhubiri alitoka msituni akitembea kwa miguu yake.

Najua utaniambia si wote. Ni kweli. Mtaani kwetu kuna pasta wa kanisa la mabati, hana hata gari. Mathe alipougua alikuja na bodaboda, amebeba unga pakiti mbili, akaketi kwa stuli akaomba naye. Hakuahidi muujiza. Alimwambia aende hospitali, na kesho yake akapiga simu kuuliza kama alienda. Kila Jumapili hesabu ya sadaka inasomwa mbele ya watu, hadi pesa ya balbu. Huyo ni mhubiri. Hana jina kubwa, lakini unajua mlango wake uko wapi.

Na nisijifanye malaika. Sisi watu wa kontenti pia tuna madhabahu zetu. Mwaka jana nilitangaza programu moja ya kamari, nikalipwa. Baadaye kijana mmoja akaniandikia kwamba alipoteza kodi ya nyumba kwa kuniamini. Nilisoma ujumbe, nikauacha siku tatu bila kujibu. Siku ya tatu nikakumbuka mathe na ile simu isiyoshikwa. Nikampigia. Sikuwa na pesa ya kumrudishia yote, nilimtumia nusu ya nilicholipwa, na ile tangazo nikaitoa.

Kwa hivyo kabla hujatuma mbegu, uliza mambo matatu tu. Anaishi wapi? Nani anakagua pesa? Na nikimpigia Jumatatu, nikiwa na shida na sina sadaka, atashika?

Mathe bado anaenda kanisani, kwa yule pasta wa mabati. Anatoa shilingi 100. Na nambari yake ameiandika kwa kalamu ukutani, karibu na jiko.