TUWASIKILIZE WAZEE WETU, TUSIWASEMEE

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Maneno hayo twayatamka mara kwa mara katika mikutano yetu, na viti vya mbele huwa tumewawekea wazee kwa heshima zote. Lakini yatupasa tujiulize: wakishaketi hapo, je, twawapa nafasi ya kulisema hilo neno? Au twawataka waombe dua mwanzoni na kupiga makofi mwishoni, kisha warudi majumbani?

Swali hili twaliuliza kwa sababu limetugusa sisi wenyewe. Katika mkutano mmoja wa tawi, hapa mkoani Tanga, tulipewa kazi ya kuwatambulisha wazee wa Chama. Miongoni mwao alikuwamo babu yetu, mzazi wa baba, ambaye umri wake umekwisha pita miaka 90. Kwa fahari kubwa tulitangaza kwamba mzee huyo ni mmoja wa waliopiga kura tatu mwaka 1958. Watu wakashangilia. Babu akainua mkono, akashika mkongojo wake, akataka kusimama. Tulimwinamia tukamnong'oneza kwamba wakati ni mfinyu na wageni wana safari. Akaketi, akanyamaza.

Usiku ule, baada ya swala ya isha, alituita barazani. "Mjukuu wangu," alisema, "mimi kura tatu sikupiga. Mimi na wenzangu hatukuruhusiwa."

Na hiyo ndiyo kweli. Sheria ya mkoloni katika uchaguzi ule wa 1958 na 1959 ilimtaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au wadhifa unaotambuliwa. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ndiyo maana zikaitwa kura tatu, na ndiyo maana mkutano wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958 ulikuwa mgumu, hata Mwalimu Nyerere akalazimika kutumia uwezo wake wote kuwashawishi wajumbe wakubali kushiriki. Babu yetu wakati huo alikuwa mkata mkonge. Kipato hicho hakuwa nacho. Msahafu alikuwa amekwisha kuuhitimu, lakini elimu hiyo serikali ya kikoloni haikuihesabu. Siku wenzake wenye sifa walipokwenda kupiga kura, yeye alikuwa shambani akikata majani na kuyafunga.

"Lakini kadi ya TANU nilinunua kwa senti zangu," alituambia. "Na waliokuwa na sifa niliwafuata kwa miguu, nyumba kwa nyumba, nikawaomba wasikae nyumbani. Hilo ndilo nililotaka kulisema pale mkutanoni."

Tuliona aibu. Tulikuwa tumempamba babu kwa sifa isiyo yake, tukamnyima nafasi ya kuitaja iliyo yake. Tena tuliunyima mkutano mzima somo kubwa, kwamba wengi katika waliouleta Uhuru wa 1961 hawakuwa na kura hata moja. Kijana wa leo ambaye anayo kura yake, naye siku ya uchaguzi akashinda kijiweni, angesikia nini kutoka kwa mzee yule? Sisi tulikifunga kinywa hicho kwa kujali saa ya mgeni rasmi.

Tangu usiku ule, kila Ijumaa baada ya alasiri, twaketi naye na daftari mkononi. Tumegundua kwamba babu hana tabia ya kusifu tu, wala ya kulaumu tu. Ana mizani yake.

Juu ya mwaka 1967, serikali ilipotaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, asema kwamba matusi ya bwana shamba yalikoma, na hilo mtu aliyepata kutukanwa mbele ya wanawe hawezi kulisahau. Lakini papo hapo asema kwamba wako viongozi waliodhani shamba likiwa la umma halihitaji kupaliliwa. Bei ya mkonge ilipoanguka kwa ajili ya kamba za nailoni, magugu yaliwakuta wamelala.

Juu ya vijiji, asema kwamba shule na zahanati vilisogea karibu. Bibi yetu, Mungu amrehemu, alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima akiwa na watoto watano, na barua ya kwanza aliyoisoma ilitoka kwa mwanawe aliyekuwa vitani Kagera. Kisha babu hunyamaza kidogo na kuongeza kwamba ndugu zake walihamishwa katika msimu mbaya, wakaiacha minazi iliyoanza kuzaa. "Nyumba huhamishwa," asema, "makaburi hayahami." Maneno hayo yote mawili tumeyaandika katika ukurasa mmoja, kwa kuwa yeye ameyasema kwa pumzi moja.

Kuhusu dini, babu hana hotuba ndefu. Katika kambi za mkonge waliishi watu wa makabila mengi waliotoka mbali, Waislamu kwa Wakristo. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mkatoliki. Sikukuu ya Idi sahani ilivuka kwenda kule, na Krismasi ilivuka kuja huku. Jirani huyo alipofariki, babu alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Asema kwamba anayetaka kujua imani ya mtu asimtazame msikitini au kanisani peke yake, amtazame siku jirani yake anapofiwa.

Wala mazungumzo yake si ya mambo mazito tu. Hukumbuka foleni za sukari na sabuni za miaka ya mwanzo ya 1980, na jinsi nusu kilo ya sukari ilivyobebwa kama dhahabu. Hukumbuka redio ya mbao iliyowakusanya watu kusikiliza Mazungumzo Baada ya Habari. Na ukitaka uso wake ung'ae, mtajie mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Hapo daftari huwekwa kando na kahawa huongezwa.

Wako watakaosema kwamba kumbukumbu za wazee hupotoka. Hapana shaka hupotoka. Lakini katika kisa chetu, mzee alikumbuka sawasawa, na aliyepotoka ni kijana mwenye kipaza sauti. Wako pia watakaosema kwamba wazee wakipewa nafasi watayataja makosa yetu. Nasi twajibu: na wayataje. Chama kilichozaliwa na wakulima na wafanyakazi hakiwezi kuogopa sauti ya mkata mkonge.

Sisi wa Tanga hatuna udhuru katika jambo hili. Mkoa huu ndio uliomzaa Shaaban Robert, aliyeandika habari za maisha yake kwa mkono wake mwenyewe, akawaachia watoto wake na taifa zima. Si kila mzee aweza kuandika kama yeye. Lakini kila mzee aweza kuulizwa, na kila mjukuu aliyefika darasa la saba aweza kushika kalamu.

Kwa hiyo twatoa rai ifuatayo. Kila tawi lifungue daftari la wazee, na katika kila mkutano mzee mmoja aseme kabla ya wageni, wala asikatizwe. Walimu wa shule za msingi wawatume wanafunzi kwa babu na bibi zao, waandike angalau kisa kimoja. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kwamba wazee ni hazina. Hazina isiyofunguliwa haina tofauti na sanduku tupu.

Chuoni tulifundishwa kwamba mzazi aliyezeeka haambiwi hata "ah". Sisi hatukumwambia babu "ah". Tulimwambia wakati ni mfinyu, na sasa twatambua kwamba maneno hayo ni mamoja. Wakati ulio mfinyu kweli ni wao, si wetu. Tumekwisha mwomba katibu wa tawi kwamba katika mkutano ujao babu aseme kwanza. Mgeni rasmi, yeyote atakayekuwa, tutamwomba radhi asubiri.