Maji ya bure mgahawani Paris

Ndugu Mhariri,

Kwenye mgahawa mmoja wa hadhi jijini Paris, mhudumu alituuliza tu: maji ya chupa, yenye gesi au yasiyo na gesi? Wageni wengi huchagua moja na kulipa euro kadhaa. Inaniudhi, kwa sababu sheria ya Ufaransa inaagiza mteja anayekula apewe maji ya bomba bure, na tangu 2022 mgahawa unapaswa kulionyesha hilo kwenye menyu au tangazo. Omba “carafe d’eau”, utaletewa jagi. Mkate nao haulipiwi. Gharama ya huduma tayari imo kwenye bei, kwa hiyo bakshishi ni hiari. Wasomaji mnaosafiri, salimieni kwanza, kisha ombeni maji hayo bila haya.

Msomaji wako,
Dar es Salaam