Kabla hujakopa ununue kamera mpya, ijue kwanza hiyo uliyo nayo

Tuambiane ukweli. Ukikutana na kijana anayepiga video hapa mjini, awe wa Umoja, Kawangware au Likoni, umuulize mbona ile filamu fupi aliyoahidi tangu mwaka jana haijatoka, jibu huwa ni moja: "Kamera, bana. Nangoja kamera." Na siku hizi hakuna anayengoja sana. Simu iko mkononi, mkopo uko ndani ya simu, na kabla jua halijatua mtu ameshajifunga deni la miezi kadhaa kwa ajili ya mashine mpya, ilhali ile ya zamani hakuwahi kujua hata nusu ya uwezo wake.

Msimamo wetu wiki hii ni huu: usiingie deni la kamera kabla hujafika mwisho wa ile uliyo nayo. Na ukitaka kujua kwa nini tunasema mwisho huo huenda uko mbali kuliko ulivyoambiwa dukani, sikiza kisa cha Magic Lantern.

Mwaka 2008 Canon ilitoa kamera ya 5D Mark II. Ilikuwa ya kupiga picha za mnato, lakini pia ilirekodi video ya HD kamili, na watengenezaji filamu wasio na hela wakaikimbilia. Shida ni kwamba haikuwa imeundwa kwa ajili yao. Mwaka uliofuata, Mmarekani kwa jina Trammell Hudson alianza kuandika programu ya kuiongezea vitu alivyovihitaji: kipimo cha sauti kwenye kioo, mistari ya kuonyesha sehemu zilizozidiwa na mwanga, na kadhalika. Akaiita Magic Lantern na kuiachilia bure, chini ya leseni huria ya GPL, ili yeyote aisome na kuiboresha. Watu wakajitokeza kutoka pande mbalimbali za dunia, wakaipeleka kwenye kamera nyingine za Canon, zikiwemo zile za bei nafuu kama 550D na 600D.

Halafu mwaka 2013 wakagundua jambo kubwa. Unapotazama kioo cha nyuma cha kamera, sensa huwa tayari inapeleka picha ghafi kwenye kumbukumbu ya ndani, kabla hazijapikwa na kubanwa kuwa video. Wakapata njia ya kuzichukua hapo na kuziandika moja kwa moja kwenye kadi. Ghafla 5D Mark III, kamera iliyotoka mwaka 2012, ikawa inarekodi video ghafi ya HD kamili, fremu 24 kwa sekunde. Canon haikuwa imeiuza kwa sifa hiyo.

Labda unauliza, ghafi ndiyo nini? Fikiria chai. Video ya kawaida ya kamera hizi ni chai iliyoletwa mezani ikiwa imeshatiwa sukari. Ikiwa imezidi, utafanya nini? Hutaitoa. Kamera imeshaamua rangi, imeshaamua weusi na weupe, ikatupa mengine yote ili faili iwe ndogo. Video ghafi ni chai isiyotiwa kitu: maziwa, majani na sukari viko mezani, wewe ndiwe unachanganya. Kwa hesabu, video ya kawaida ya kamera hizi hutumia biti 8, yaani viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi. Ghafi ya Magic Lantern ni biti 14, yaani viwango 16,384.

Tofauti hiyo utaiona wapi? Mrekodi nyanya akisimulia hadithi ndani ya nyumba ya mabati, mlango ukiwa wazi, saa saba mchana. Kwa video ya kawaida utachagua moja: uso wake uonekane na nje kuwe kweupe kama shuka, au nje kuonekane na uso wake uwe giza. Kwa video ghafi, ukipima mwanga vizuri, utaweza kuvuta uso kutoka gizani ukiwa kwenye kompyuta na bado anga ibaki anga. Rangi ya ngozi pia haigeuki kuwa mabaka unapoisukuma. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi tunaopigana na jua la utosini, hilo si jambo dogo.

Sasa, kabla hujakimbia kuchukua kamera kabatini, tulia. Hapa ndipo watu huchomeka.

Video ghafi ya HD kamili kwa fremu 24 hula takriban MB 87 kila sekunde. Dakika moja ni zaidi ya GB 5. Kadi ya GB 64 itajaa kwa dakika 12 hivi. Saa moja ni zaidi ya GB 300. Mtu akikuambia atapiga harusi nzima, kuanzia bibi harusi akirembwa hadi keki ikikatwa, kwa video ghafi, mwambie alete kwanza lori la diski. Video ghafi ni ya kazi unayoipanga fremu kwa fremu: filamu fupi, video ya wimbo, tangazo. Si ya kazi ambayo hujui itaisha saa ngapi.

Jambo la pili ni kasi. 5D Mark III huandika kwenye kadi za CF, na kadi nzuri ya aina hiyo huhimili mwendo huo. Lakini 600D, ambayo wengi wetu tuliinunua mtumba, hutumia kadi za SD, na mlango wake wa kadi hupitisha karibu MB 20 tu kwa sekunde. Hata ununue kadi ya bei ya juu kabisa Luthuli, mlango ni uleule. Ni kama kupeleka gari la mashindano kwenye foleni ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo kwenye 600D utarekodi ghafi kwa picha ndogo kuliko HD kamili, au kwa sekunde chache kisha kamera ikome yenyewe.

Na hapo ndipo funzo lenyewe lilipo. Kamera ina mipaka ya aina mbili. Ipo mipaka iliyowekwa na mtu: mwenye kiwanda aliamua kamera hii itafanya hiki na ile itafanya kile, kwa sababu zake za soko, betri, joto au uimara. Na ipo mipaka ya chuma chenyewe, ambayo hakuna programu itakayoivuka. Magic Lantern ilivuka ile ya kwanza ikasimama mbele ya ile ya pili. Kijana anayejua kutofautisha hizo mbili hawezi kudanganywa na muuzaji, na hawezi kujidanganya mwenyewe.

Tena tunaamini kwamba kwa wengi wenu, zawadi kubwa ya programu hii si hata video ghafi. Ni vile vitu vidogo. Mistari ya kukuonyesha mwanga umezidi wapi. Alama za rangi kwenye kingo za kitu kilicho kwenye fokasi, ili usifike nyumbani ukute mhojiwa ana ukungu lakini ukuta nyuma yake uko safi. Grafu ya mwanga. Kipima sauti cha kukuonya kabla maneno hayajapasuka. Hivi vyote hufanya kazi hata kwenye 600D, havihitaji kadi ya maelfu, na vitaokoa kazi zako nyingi kuliko biti 14.

Ukiamua kujaribu, fuata utaratibu. Hakikisha modeli ya kamera yako imo kwenye orodha, na toleo la programu ya kiwandani ndani yake ni lile hasa linalotakiwa. Tofauti ya tarakimu moja inatosha kukuharibia siku. Chaji betri ijae. Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, nakili faili za Magic Lantern, kisha uziendeshe kupitia menyu ya kusasisha programu. Haifuti ile ya Canon. Huamka kutoka kwenye kadi kila unapowasha kamera, na ukiweka kadi ya kawaida kamera inarudi ilivyokuwa. Kamera ikiganda, toa betri kwanza, halafu kadi, na usianze kulia.

Lakini tusidanganyane, hatari ipo. Walioiandika wenyewe husema wazi kwamba unaitumia kwa hiari yako, na ikiharibika hakuna wa kumdai. Kurekodi ghafi hupasha kamera moto na kumaliza betri haraka. Kwa hiyo ndugu yetu, dada yetu: usiiweke kwenye kamera ya kukodi. Usiiweke kwenye kamera ya kanisa, ya chuo au ya rafiki aliyekuazima wikendi. Na usiijaribu kwa mara ya kwanza asubuhi ya kazi ambayo mteja ameshakulipa. Kitu cha mtu si maabara yako.

Baada ya kurekodi bado hujamaliza. Faili zinazotoka, zile za MLV, hazifunguki kwenye simu. Kuna programu ya bure, MLV App, ya kuzigeuza ziwe kitu ambacho kihariri chako kinakielewa, na DaVinci Resolve ina toleo la bure la kuhariri na kurekebisha rangi. Ila kompyuta yako ikiwa ni ile inayopumua kwa shida ukifungua kurasa mbili za intaneti, itakubidi uwe na subira, au uwe na rafiki mwenye mashine nzuri. Na sauti irekodi kando kwa kifaa chake, kisha uioanishe. Watazamaji husamehe picha yenye chembechembe. Sauti mbovu hawasamehi.

Tunajua mtakavyojibu. Mtasema huu ni ushauri wa zamani, kwamba siku hizi hata simu hurekodi 4K, na kamera mpya zisizo na kioo cha ndani hufanya makubwa bila kuchokolewa. Ni kweli. Ikiwa kazi inakulipa, na mteja anataka kitu ambacho kamera yako kweli haiwezi kutoa, nunua. Nunua kwa pesa ambazo kazi imezaa, si kwa pesa unazotumaini itazaa. Tunachopinga ni kule kudhani kwamba ukosefu wa kazi nzuri hutibiwa na risiti.

Kumbukeni Riverwood. Watu walionunua zile sinema kwenye maduka ya River Road hawakuuliza zilipigwa na kamera yenye biti ngapi. Walitaka kuona vituko wanavyovijua, kwa lugha wanayoizungumza, wacheke na majirani. Kamera zenyewe zilikuwa za kawaida kabisa. Kilichouzwa kilikuwa hadithi.

Kwa hiyo wikendi hii, badala ya kupekua bei, fanya jaribio. Chukua kamera uliyo nayo, hata ile ambayo unaona haya kuitoa kwenye mkoba. Mpige mtu mmoja mnayeheshimiana: mama muuza mboga, fundi wa viatu, dereva wa nduthi. Dakika mbili tu. Pima mwanga kwa makini, hakikisha fokasi, sikiliza sauti. Kisha itazame kazi hiyo kwa jicho kali, uandike kwenye karatasi ni kosa gani lilikuwa la kamera na ni lipi lilikuwa lako.

Ukimaliza orodha hiyo bila kujihurumia, utajua kama unahitaji programu ya bure, kadi mpya, au mazoezi ya miezi mitatu. Na ikitokea kwamba kweli makosa yote ni ya kamera, basi nenda dukani ukiwa na akiba yako mfukoni. Hapo hata sisi tutakusindikiza.