Mguu wa Binti Umeumia, na Kocha wa Marekani Anasubiri

Majuma machache yaliyopita mama mmoja alinijia kazini akiwa amekumbatia bahasha ya kahawia. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei ya mguu, vyeti vya mashindano ya shule, na barua pepe aliyoipigisha chapa kwenye duka la mtaani. Barua hiyo ilitoka kwa kocha wa chuo kikuu kimoja cha Marekani. Alikuwa tayari kumpa binti yake, mwanafunzi wa kidato cha nne, ufadhili wa masomo ili akimbilie chuo hicho.

Shida ilikuwa kwamba tangu barua hiyo ifike, binti alikuwa hawezi kukimbia. Mfupa wa muundi ulimuuma hata akipanda ngazi za bweni. Na yule bwana aliyewaunganisha na kocha alikuwa amewaonya: msiseme lolote mpaka viza igongwe muhuri.

"Dada," mama akaniuliza, "nikinyamaza nitakuwa nimekosa?"

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili kitakachomuumbua mtoto si kifo, ni juma lake la kwanza chuoni. Kule mwanariadha mgeni hupimwa na daktari wa timu kabla ya kuruhusiwa kufanya mazoezi. Ufa wa mfupa hautajificha pale. Kocha atakuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyemdanganya, na binti wa watu atakuwa peke yake, maili elfu nane kutoka nyumbani, akilijibu swali hilo.

Hebu tuelewane kuhusu hawa makocha. Wakenya wamekimbilia vyuo vya Marekani kwa zaidi ya miaka 50. Marehemu Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Makocha wa huko wamewaona vijana wakiumia, wakapona, wakaumia tena. Hata katika besiboli, mchezo wanaoupenda sana, kijana anayerusha mpira huweza kukatika kano ya kiwiko na kufanyiwa upasuaji unaoitwa Tommy John, jina la mchezaji wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974. Yeye alirudi uwanjani mwaka 1976 na kucheza miaka mingi baadaye. Kwa hivyo jeraha peke yake halimshtui kocha. Kinachomkimbiza ni kijana aliyekuwa akiandika kila juma kisha ghafla akanyamaza. Kocha huyo ana majina mengine mezani.

Na siku hizi majina hayo yanagombea nafasi chache. Kufuatia mapatano ya mahakamani ya mwaka 2025, vyuo vikubwa vilivyoyakubali havihesabu tena ufadhili, vinahesabu vichwa: wakimbiaji 17 katika timu ya mbio za nyika, na 45 katika riadha ya uwanjani. Kocha hawezi kumweka mtu kwenye orodha hiyo kwa kubahatisha. Anataka kujua.

Basi umwandikie nini? Kwanza, acha mtoto aandike mwenyewe. Wazazi wa Nairobi tuna tabia ya kuwaandikia watoto wetu kila kitu hata barua za mapenzi tungeandika kama tungeruhusiwa. Barua iwe fupi: niliumia tarehe fulani, daktari ameona hili, nimeambiwa nipumzike majuma kadhaa, ninatarajia kuanza kukimbia polepole mwezi fulani. Halafu aambatanishe muda aliokimbia kabla ya kuumia, na kila muda uwe na jina la mashindano, tarehe na mahali. Usisahau mahali. Mbio ndefu zilizokimbiwa Eldoret, mita 2,100 juu ya bahari, huwa nzito kuliko zilizokimbiwa Mombasa, na kocha anayejua kazi yake ataupima muda huo akikumbuka hewa ya kule juu.

Lakini huwezi kuandika "daktari ameona" kama hakuna daktari aliyeona. Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Mama yule alikuwa na eksirei isiyoonyesha chochote, na shuleni walikuwa wamemwambia binti kuwa anajidekeza. Ukweli ni kwamba ufa mdogo wa mfupa unaotokana na mazoezi makali mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika majuma ya mwanzo. Picha ya MRI huuona. Ni ghali, najua, na si kila mzazi ana bima. Ikiwa huna uwezo wa MRI, mrudishe kwa daktari apigwe eksirei nyingine baada ya majuma mawili au matatu, na katika muda huo asikimbie. Ufa wa muundi ukipumzishwa vizuri kwa kawaida hupona katika majuma sita hadi manane. Akiulazimisha, unaweza kuwa mvunjiko kamili, na hapo mazungumzo ya ufadhili yamekwisha kabisa.

Ikiwa ni msichana, mama, kaa naye faraghani umwulize kama hedhi yake huja kila mwezi. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo huweza kukosa hedhi, na hiyo ni ishara kwamba mwili hauna nguvu za kutosha hata za kuilinda mifupa. Mifupa yake hupasuka kwa urahisi. Wengine shuleni husifiana kwa kukosa hedhi eti ndio ukakamavu. Dawa yake ya kwanza iko jikoni: ugali, maziwa, mayai, omena, na kula kabla ya njaa kumshika. Mwambie daktari pia, usione haya.

Na tafadhali, msimpeleke kwenye duka la dawa kuchomwa "sindano ya maumivu" ili akimbie Jumamosi. Baadhi ya sindano hizo zina dawa za jamii ya kotisoni, kama vile triamcinolone, ambazo tangu Januari 2022 zimepigwa marufuku kudungwa wakati wa mashindano. Dalili zake hukaa mwilini kwa majuma mengi. Wakenya kadhaa wamefungiwa kwa sababu ya dawa hiyo. Kijana akipatikana nayo hatasaidiwa na kusema kwamba ni mama aliyenipeleka.

Turudi kwa kocha. Akijibu kwamba bado anamtaka mtoto wako, furahi, kisha uliza kwa adabu: ufadhili huu ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote? Umeandikwa wapi? Ahadi ya simu si ufadhili. Kinachohesabika ni hati ya msaada wa fedha iliyotiwa saini na chuo. Hati hiyo ikishatiwa saini, sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikubwa, haziruhusu chuo kuupunguza msaada katikati ya muda wake kwa sababu mwanariadha ameumia. Ndiyo maana tarehe ya saini ni muhimu, na ndiyo maana saini iliyopatikana kwa kuficha ni saini ya wasiwasi.

Akisema hapana, msilie mpaka usiku. Kuna vyuo vya daraja la pili la NCAA, kuna vya chama cha NAIA, na kuna vyuo vya miaka miwili ambavyo watu hapa huvidharau bure. Sally Kipyego alianzia kwenye kimojawapo, South Plains College kule Texas, akahamia Texas Tech, akasomea uuguzi, na mwaka 2012 akashinda fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London. Vyuo vya daraja la tatu navyo havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, wala vile vinane vya Ivy League, lakini vya daraja la tatu hutoa msaada kwa kuangalia alama na hali ya familia, na vya Ivy League kwa kuangalia hali ya familia. Kwa hivyo majuma hayo manane ambayo mguu umepumzika, kichwa kisipumzike. Alama za KCSE haziumi muundi.

Mama yule alirudi kwangu Ijumaa iliyopita. Binti alikuwa ameandika barua yake mwenyewe, mistari kumi na mmoja. Yule bwana wa kuwaunganisha alikasirika na kukata simu. Kocha alijibu siku ya tatu. Alitaka nakala ya picha ya MRI, ambayo wajomba walikuwa wamechangiana kuilipia, na ripoti ya mwezi ujao. Alisema nafasi ipo, ila mwaka wa kwanza atalipa nusu ya gharama, na mengine yatategemea atakavyopona.

Nusu si kidogo, lakini nusu iliyobaki ina mambo yake. Chuo hakitoi fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna viza ya mwanafunzi, mpaka familia ionyeshe mahali fedha zilizobaki zitakapotoka. Tuliketi na kalamu na karatasi tukahesabu: akiba ya chama, shamba la babu ambalo sikushauri liguswe, na msaada wa masomo ambao chuo hicho hutoa kwa wenye alama nzuri na ambao binti bado hajauomba. Fomu ya kuomba ilikuwa palepale kwenye barua ya kocha, ukurasa wa pili. Hakuna aliyekuwa ameifungua.

Wameijaza. Binti anaendesha baiskeli ya kaka yake isiyo na breki kuzunguka uwanja wa mtaa, na Alhamisi anarudi kwa daktari.