Daftari la Wiki: Kiwavi Ndani ya Jani

Jumatatu. Septemba haijaisha, lakini chini ya mti mmoja wa mtaani kwetu hapa London majani yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Miti ya jirani bado ni kijani. Huu ni mchesnati farasi, wenye majani yaliyotanuka kama vidole vya mkono. Nimeokota jani moja nikalimulika juani: madoa ya kahawia, na kila doa ni chumba cha kiwavi. Viwavijeshi wanaotumalizia mahindi nyumbani huonekana wakitafuna. Huyu hula akiwa katikati ya ngozi mbili za jani, amefichika.

Jumatano. Mzazi wake ni nondo wa milimita 5 hivi, mabawa ya kahawia yenye mistari myeupe. Jina lake, Cameraria ohridella, limetokana na Ziwa Ohrid huko Masedonia Kaskazini, na alipewa mwaka 1986. Mwaka 1989 alikuwa ameshafika Austria. Mwaka 2002 akaonekana Wimbledon, huku kwetu. Upepo ulimbeba, na magari pia. Watu wakamwita mgeni, wakabishana katokea wapi. Mwaka 2011 watafiti wakatangaza walichokikuta katika makusanyo ya zamani ya mimea iliyokaushwa: viwavi wake, wamebanwa ndani ya majani yaliyochumwa Ugiriki mwaka 1879. Kumbe alikuwepo siku zote katika milima ya Balkani, ambako mti wenyewe ndiko kwao. Nalifikiria sana jani lile. Aliyelichuma alitaka mti tu, hakujua amebeba na mdudu. Na waliofuata, kizazi baada ya kizazi, hawakulitupa.

Ijumaa. Mti hauuawi na mdudu huyu, ila kokwa zake hupungua uzito. Watoto wa hapa huzitoboa, huzitia kamba na kuzigonganisha. Zinang'aa kama komwe za bao, lakini ni nyekundu-kahawia, na haziliwi.

Jumamosi. Pupa, kiwavi anayegeuka kuwa nondo, hupitisha baridi ndani ya majani yaliyoanguka. Majani yakizolewa na kuteketezwa kabla ya machipuko, nondo wa mwaka unaofuata hupungua sana. Dawa ni ufagio, basi. Asubuhi nimejaza magunia mawili, na mama wa nyumba ya pili, ambaye hatujawahi kusalimiana naye, ametoka na reki yake akaanzia upande wa pili wa shina.