Bustani Yetu: Itue Pampu Kwanza, Geuza Jani

Juma lililopita jirani yangu hapa Remera, mke wa askari polisi, aliniita bustanini kwake. Pampu ya dawa alikuwa ameshaibeba mgongoni.

"Mwalimu," akaniambia, "viwavi wamenishinda. Nimenyunyiza mara mbili, na ndio kwanza wanazidi. Bwana yuko kazini mkoani, na kabichi hizi ndizo mboga yetu na madaftari ya watoto."

Nilimwomba aitue pampu kwanza, tukageuza majani pamoja. Upande wa chini tulikuta viwavi wadogo wa kijani ambao, wakiguswa, hufurukuta na kuning'inia kwa uzi. Hao ni wana wa nondo mdogo wa kijivu ambaye, akikunja mabawa, huonekana ana alama za almasi mgongoni. Ni mdudu sugu mno. Mwaka 1953 ilielezwa kwamba kule Java, Indonesia, DDT haikumdhuru tena, na tangu hapo amezizoea dawa nyingi nyingine.

Tukakuta na vifuko vya hudhurungi, vidogo kama punje, vilivyofumwa kwa kubana na kuwa butu ncha zote mbili. Jirani akanyoosha kidole avisage, nikamzuia. Humo hamna nondo. Mna nyigu mdogo mwembamba, asiyeuma watu. Nyigu jike hutaga yai ndani ya kiwavi. Buu huanguliwa na kumla kiwavi kutoka ndani. Kiwavi hufa baada ya kujifumia kifuko, na buu hufuma chake humo humo.

Kazi ya nyigu wa namna hii imethibitishwa Afrika ya Mashariki. Kituo cha ICIPE cha Nairobi kilipata aina moja, Diadegma semiclausum, kutoka Taiwan, na mwaka 2002 kikamwachia katika vilima vya Taita, Kenya. Akastawi, na uharibifu wa kabichi ukapungua sana. Huyo hupenda nchi ya baridi. Kwa sehemu za joto kituo kilileta nyigu mwingine, ambaye kifuko chake ni cheupe.

Basi kwa nini viwavi wa jirani walizidi? Dawa iuayo kila mdudu iliwaua nyigu, na viwavi sugu wakabaki bila adui. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Fanya hivi. Kagua majani mara mbili kwa juma. Viokote viwavi kwa mkono, lakini vifuko vya hudhurungi vilivyobana na vile vyeupe uviache. Acha giligilani kidogo itoe maua kando ya tuta, kwani nyigu mzima hunywa utamu wa maua. Ikilazimu kunyunyiza, muulize bwana shamba dawa ya bakteria ya Bt, ambayo huua viwavi na kuwaacha nyigu. Dawa yoyote utakayotumia, zitimize siku zilizoandikwa kwenye chupa au pakiti kabla ya kuvuna. Watoto ndio walaji.

Jirani ameirudisha pampu stoo. Jumamosi tutageuza majani tena, tuhesabu vifuko na viwavi.