Leseni ya Kudumu Isitupwe
Fundi wa Kapsoit anayetengeneza bodi za mizani ya kielektroniki, ile inayopimia majani chai kituoni, anahitaji programu ya kuchora saketi itakayofunguka leo na hata miaka kumi ijayo. Zamani EAGLE, programu ya aina hiyo, iliuzwa hivi: ulilipa mara moja, ikawa yako. Kampuni ya Autodesk iliinunua mwaka 2016, mwaka uliofuata ikaleta malipo ya kila mwezi au mwaka, kisha mwaka 2023 ikatangaza kuwa itaisitisha Juni 7, 2026. Kwa hiyo aliye na leseni ya zamani ya kudumu ameshika mali, kwani mchoro wa kifaa huhitajika hata baada ya kompyuta iliyouchora kufa. Je, anaweza kuiuza? Mwaka 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliruhusu leseni ya kudumu iuzwe tena, mradi muuzaji afute nakala yake. Hukumu hiyo haiifungi Kenya, lakini nasi tunastahili haki kama hiyo. Wabunge wetu waiandike katika sheria. Nanyi vijana mnaoanza, chukueni programu ya kuchora saketi ya KiCad: ni ya bure, na tangu toleo la 5 la mwaka 2018 inafungua michoro ya EAGLE.